Uhaba wa vipuri vya kielektroniki: Somo kwa viwanda vya Kizota

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

KIZOTA, kata ya Jiji la Dodoma iliyopo kandokando ya barabara iendayo Singida, hujulikana zaidi kwa mambo mawili: maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na eneo la viwanda na karakana ambamo nafaka husagwa, alizeti hukamuliwa na vyuma huchomelewa. Hizo ni shughuli ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzihusisha kwa haraka na chipu zinazotengenezwa Taiwan, Japani au Korea Kusini.

Hata hivyo, uhusiano huo upo na unazidi kukua mwaka hadi mwaka. Mizani ya kupimia magunia siku hizi ni ya kielektroniki. Mota kubwa ya kinu huendeshwa kwa inveta inayopunguza au kuongeza kasi. Joto la mbegu kabla ya kukamuliwa hulindwa na kifaa chenye bodi ya saketi, na mashine ya kufungasha unga hufuata programu iliyohifadhiwa ndani ya kidhibiti kidogo kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja. Hata kuuza bidhaa yenyewe kunahitaji mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, na umeme wenyewe hupita katika mita ya luku.

Kifaa kimoja kati ya hivyo kikiungua, chuma chote kilichobaki, hata kiwe na thamani ya mamilioni ya shilingi, husimama kama gogo. Na kama kipuri hicho hakipatikani madukani kwa sababu kimeadimika duniani kote, mwenye kiwanda hana la kufanya ila kungoja.

Kungoja huko kuna gharama isiyoonekana katika vitabu vya hesabu. Katika Kanda ya Kati alizeti huvunwa kuanzia mwezi Mei hadi Julai, na ndicho kipindi ambacho mkulima anahitaji fedha na mwenye mashine anahitaji mbegu. Kiwanda kidogo kikisimama mwezi Juni kwa sababu ya bodi moja, mkulima wa Kondoa au Kongwa hulazimika kuuza kwa mlanguzi kwa bei atakayopangiwa, kibarua hurudi nyumbani, na mkopo wa benki huendelea kudai riba. Bodi ikifika Desemba, msimu umekwisha pita.

Makala haya yanaeleza kwa nini vipuri hivyo huadimika, yale ambayo viwanda vikubwa vya dunia vimejifunza kwa hasara, na hatua ambazo kiwanda kidogo cha Kizota kinaweza kuzichukua bila kusubiri msaada wa mtu.

Uhaba huanzia wapi

Chipu haitengenezwi kama sabuni au misumari. Kisahani cha silikoni hupitishwa katika mamia ya hatua za kuchora, kumwagia kemikali, kuchoma na kusafisha, na kazi hiyo peke yake huchukua takriban miezi mitatu. Baada ya hapo chipu hukatwa, hufungwa katika ganda lake, hupimwa na kusafirishwa, mara nyingi katika nchi nyingine kabisa. Kiwanda kipya cha chipu za kisasa hugharimu mabilioni ya Dola za Marekani na huchukua miaka kadhaa kujengwa. Kwa hiyo mahitaji yakiongezeka ghafla, hakuna awezaye kuongeza uzalishaji kwa wiki mbili, hata kama fedha zipo mezani.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 2020. Janga la Covid-19 lilipoanza, viwanda vya magari vilidhani watu hawatanunua magari na vikafuta oda zao za chipu. Wakati huohuo, watu waliofungiwa majumbani walinunua kompyuta, simu na televisheni kwa wingi, na nafasi iliyoachwa na watengeneza magari ikachukuliwa na wengine. Watengeneza magari waliporudi mwishoni mwa mwaka huo, walikuta wako mwisho wa foleni.

Juu ya hilo zikafuata ajali mfululizo. Oktoba 2020 kiwanda cha kampuni ya AKM huko Nobeoka, Japani, kiliungua. Februari 2021 baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, Marekani, na kusimamisha viwanda vya chipu vya Samsung, NXP na Infineon mjini Austin. Machi 19, 2021 moto ulizuka katika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani, na siku nne baadaye meli ya Ever Given ikakwama katika Mfereji wa Suez na kuziba njia kwa siku sita. Mwaka huohuo Taiwan, ambako chipu nyingi za dunia hutengenezwa, ilikumbwa na ukame mkubwa hata maji ya kuoshea visahani yakasombwa kwa malori. Mwaka 2022 vita nchini Ukraine vilisimamisha kampuni mbili zilizokuwa zikitoa takriban nusu ya gesi ya neoni inayotumika katika kazi hiyo.

Kampuni ya ushauri ya AlixPartners ilikadiria Septemba 2021 kwamba sekta ya magari ingepoteza mapato ya Dola bilioni 210 na kushindwa kutengeneza magari milioni 7.7 katika mwaka huo mmoja. Magari mapya yalipopungua Japani, yaliyotumika nayo yakapanda bei, na hapo ndipo mnunuzi wa Tanzania, ambaye hutegemea soko hilo, alipoguswa na jambo ambalo pengine hakuwahi kulisikia.

Wapo wanaodhani kwamba kadhia hiyo ilikwisha pamoja na Covid-19. Mwishoni mwa Septemba 2025 serikali ya Uholanzi iliingilia uendeshaji wa kampuni ya Nexperia yenye wamiliki wa Kichina, na siku chache baadaye China ikazuia bidhaa za kampuni hiyo kutoka nchini mwake. Nexperia haitengenezi chipu za kifahari. Hutengeneza dayodi na transista za bei ndogo sana, lakini zinazoingia karibu katika kila bodi. Katika muda wa wiki chache, Honda ililazimika kusimamisha uzalishaji katika kiwanda chake cha Celaya nchini Mexico. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei za chipu za kuhifadhi kumbukumbu zilipaa, kwa kuwa wazalishaji walielekeza nguvu zao katika vituo vya kompyuta za akili unde.

Funzo la kwanza ni kwamba bei ya kipuri si kipimo cha umuhimu wake. Kitu cha shilingi mia chache kinaweza kusimamisha kitu cha shilingi milioni hamsini.

Oda za uongo

Sababu ya pili ya uhaba hutoka kwa wanunuzi wenyewe. Mwenye duka anaposikia kwamba kipuri fulani kinaadimika, huagiza mara mbili ya mahitaji yake. Msambazaji anayempelekea huona oda zimeongezeka, naye huagiza mara tatu. Kiwanda kinachotengeneza huona mahitaji makubwa kuliko yalivyo na kutangaza foleni ya mwaka mzima, jambo linalowatisha wanunuzi zaidi. Wataalamu wa ugavi hufananisha hali hiyo na mjeledi: mkono ukitikisika kidogo, ncha hupiga kwa kishindo.

Foleni ikipungua, oda za ziada hufutwa kwa pamoja, na waliolimbikiza hubaki na mzigo. Kampuni ya Cisco ya Marekani ilikumbwa na hali hiyo. Mwaka 2000 vipuri vilikuwa haba, ikaagiza kwa wingi ili isikose. Mwaka 2001 soko likaanguka, nayo ikalazimika kufuta katika hesabu zake bidhaa na vipuri vya zaidi ya Dola bilioni mbili. Baada ya uhaba wa 2021, hali kama hiyo ilijirudia mwaka 2023 pale maghala ya wengi yalipofurika chipu za kumbukumbu zilizokosa wanunuzi.

Kwa hiyo kununua kwa hofu hakuondoi tatizo. Kinachosaidia ni kununua kwa hesabu.

Radi ya Albuquerque

Katika vyuo vingi vinavyofundisha ugavi, mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa radi iliyopiga mjini Albuquerque, Marekani, Machi 17, 2000. Radi hiyo ilisababisha moto katika kiwanda cha chipu cha Philips. Moto wenyewe ulizimwa kwa dakika chache, lakini moshi na maji viliharibu vyumba ambavyo havitakiwi kuwa hata na chembe ya vumbi. Wateja wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, na wote wawili waliambiwa kwamba ucheleweshaji ungekuwa wa takriban wiki moja.

Nokia haikuridhika na jibu hilo. Ilianza kufuatilia vipuri husika kila siku, ikatuma wataalamu wake, ikaomba nafasi katika viwanda vingine vya Philips na kubadili michoro ya baadhi ya simu ili zikubali chipu za watengenezaji wengine. Ericsson ilipokea taarifa ileile, lakini haikufika mapema kwa wakubwa wenye mamlaka ya kuamua. Ilipozinduka, chipu zilizobaki sokoni zilikuwa zimekwisha chukuliwa, na kwa baadhi ya vipuri haikuwa na msambazaji mwingine. Ericsson ilitangaza hasara inayokaribia Dola milioni 400 iliyohusishwa na tukio hilo, na mwaka uliofuata biashara yake ya simu za mkononi ikaunganishwa na ile ya Sony.

Habari ilikuwa moja, radi ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kwamba mmoja alijua kipuri kipi kikikosekana kitasimamisha nini, na alikuwa na mtu wa kuuliza swali hilo siku ileile.

Tanzania iliwahi kuyaona haya

Wazee waliofanya kazi viwandani hawatashangazwa na simulizi hizi. Baada ya uhuru Tanzania ilikuwa na viwanda vya kuunganisha redio, kikiwamo cha Philips mjini Arusha na cha Matsushita jijini Dar es Salaam, ambavyo vilitegemea vipuri kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi iliingia katika uhaba mkubwa wa fedha za kigeni uliotokana na kupanda kwa bei ya mafuta, gharama za vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, na kushuka kwa mapato ya mazao ya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Mashine na wafanyakazi walikuwapo, lakini malighafi na vipuri havikuwapo.

Nafuu ilianza kuonekana mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa zimetoka wapi, na mageuzi ya mwaka 1986 yakafungua milango zaidi. Tofauti ya wakati ule na sasa ni kwamba wakati ule bidhaa zilikuwapo sokoni nchi ikakosa fedha za kuzinunua, ilhali mwaka 2021 wenye fedha walikosa bidhaa. Lakini yule anayesimama mlangoni mwa kiwanda kilichofungwa haoni tofauti hiyo.

Kipindi kile kiliacha urithi mmoja mwema, nao ni taasisi za ufundi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianzishwa mwaka 1973, Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (TIRDO) mwaka 1979, na kituo cha TEMDO cha Arusha mwaka 1980. Zote zilikusudiwa, pamoja na mambo mengine, kupunguza utegemezi wa ufundi kutoka nje.

Hatua ya kwanza: Orodha

Kiwanda kikubwa cha Ulaya hupambana na uhaba kwa kuwa na idara nzima ya ugavi. Kiwanda cha Kizota chenye wafanyakazi kumi na wawili hakiwezi hivyo, lakini hatua za msingi ni zilezile, na ya kwanza haihitaji fedha. Ni daftari.

Katika daftari hilo kila mashine iandikiwe vifaa vyake vya kielektroniki: jina la mtengenezaji, namba kamili ya modeli kama ilivyo kwenye kibandiko, volti, mwaka wa kununuliwa, na duka kilikonunuliwa. Namba hizo zichukuliwe sasa wakati kifaa ni kizima, kwa sababu kikiungua huenda kibandiko nacho kikaungua. Herufi moja mwishoni mwa namba inaweza kumaanisha volti tofauti, na mwenye mashine akatumiwa kutoka Dar es Salaam kifaa kisichoingia.

Baada ya orodha, kila kifaa kiulizwe maswali matatu. Kikifa leo, je, uzalishaji wote husimama au hupungua tu? Je, kuna kingine kinachoweza kukaa mahali pake? Na kukipata huchukua wiki ngapi? Kifaa kinachosimamisha kila kitu, kisicho na mbadala na kinachochukua muda mrefu kupatikana ndicho cha kuwekewa akiba kwanza. Taa ya kuonyesha kwamba mashine imewaka haina haja ya kuwekewa akiba.

Hatua ya pili: Hesabu ya akiba

Tuchukue mfano wa kiwanda chenye mashine 6 zinazotumia aina moja ya kidhibiti, na tuseme kila kidhibiti huharibika kwa wastani mara moja kwa mwaka. Hivyo kiwanda hutumia vidhibiti 6 katika wiki 52. Ikiwa oda huchukua wiki 8 kufika, katika kipindi cha kusubiri kitaharibika kidhibiti kimoja hivi, na akiba ya viwili inaweza kutosha. Lakini muda wa kusubiri ukiongezeka hadi wiki 40, kama ilivyotokea kwa vipuri vingi mwaka 2021, katika kipindi hicho vitaharibika karibu 5. Akiba ileile ya viwili iliyokuwa salama jana, leo ni hatari, ingawa ndani ya kiwanda hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana mwenye kiwanda anatakiwa kuuliza muda wa kusubiri mara kwa mara, walau kila baada ya miezi mitatu, hata kama hana haja ya kununua. Muda huo ndio kengele ya kwanza. Kampuni ya Toyota ilijifunza hilo baada ya tetemeko la ardhi la Machi 11, 2011 nchini Japani, ilipowataka wasambazaji wake kuweka akiba ya chipu ya miezi miwili hadi sita kwa kulingana na muda wa kuzitengeneza. Mwanzoni mwa mwaka 2021, wenzake walipokuwa wakifunga viwanda, Toyota iliendelea kufanya kazi. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo nayo ilitangaza kupunguza uzalishaji wa Septemba kwa takriban asilimia 40. Akiba humpa mtu muda wa kutafuta njia nyingine, lakini yenyewe haimalizi uhaba.

Hatua ya tatu: Kushirikiana

Kwa kiwanda kimoja kidogo, kufungia fedha katika vipuri visivyofanya kazi ni mzigo mzito. Hapa ndipo ukaribu wa viwanda vya Kizota unapoweza kugeuzwa kuwa faida.

Tuseme viwanda 10 jirani vinatumia kidhibiti cha aina moja, kila kiwanda kina kimoja, na kila kimoja huharibika kwa wastani mara moja katika miaka 2. Kila mmoja akijiwekea akiba yake, vitanunuliwa vidhibiti 10 vya kukaa kabatini. Wakiweka akiba ya pamoja, na muda wa kusubiri ukiwa wiki 8, katika kipindi hicho kwa wastani hakitaharibika hata kimoja kamili miongoni mwa viwanda vyote. Akiba ya vidhibiti 3 itatosha karibu nyakati zote. Gharama inapungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Muda wa kusubiri ukifika wiki 40, mahitaji hayo yatakaribia 4, na hapo wanachama watajua kwamba akiba yao inapaswa kuongezwa.

Mpango huo una sharti moja gumu: vifaa viwe vya aina moja. Kama kila mmoja amenunua mashine yenye kidhibiti cha mtengenezaji tofauti, hakuna cha kushirikiana. Kwa sababu hiyo, anayenunua mashine mpya asiulize bei na uwezo wake peke yake. Aulize pia ndani yake mna vifaa gani, kama vinapatikana Dar es Salaam, na kama jirani zake wanavyo. Mashine ya bei nafuu yenye bodi ambayo ni ya kiwanda kimoja tu duniani inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Ushirika wa namna hii unahitaji maandishi: nani anatunza kabati, anayechukua kipuri anakirejesha kwa siku ngapi, na akishindwa inakuwaje. Maofisa wa SIDO na vyama vya wenye viwanda wanaweza kusaidia kuandaa makubaliano hayo.

Hatua ya nne: Kulinda kilichopo

Kipuri cha bei rahisi kuliko vyote ni kile ambacho hakikuungua. Katika nyanda za kati vifaa vya kielektroniki vina maadui wanne: radi za msimu wa mvua, umeme unaopanda na kushuka, joto na vumbi.

Kifaa cha kuzuia mawimbi ya umeme kikifungwa kwenye ubao mkuu, pamoja na waya wa ardhini uliochimbiwa ipasavyo, huokoa bodi nyingi. Waya wa ardhini ukaguliwe na fundi mwenye leseni hasa wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Makabati ya vifaa yafungwe vizuri, vichujio vya feni vipulizwe vumbi kila wiki wakati wa msimu wa kusaga, na kabati lisielekezwe jua la alasiri.

Akiba nayo hutunzwa. Hewa kavu ya Dodoma husaidia chuma kisishike kutu, lakini huzalisha umeme tuli, ule unaomshtua mtu anapovua fulana ya nailoni. Mshtuko mdogo kiasi hicho, hata usiosikika, unaweza kuua chipu. Bodi ya akiba ibaki katika mfuko wake maalumu iliyokuja nao, na fundi aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kuishika. Inveta zilizokaa kabatini zaidi ya mwaka mmoja zina tatizo jingine: kapasita zake hudhoofika kwa kukosa umeme, na zikiwashwa ghafla kwa nguvu zote zinaweza kupasuka. Watengenezaji hueleza katika vitabu vyao jinsi ya kuziamsha polepole, na ni vyema kazi hiyo ifanyike kila mwaka.

Jambo la mwisho katika hatua hii husahauliwa na wengi. Kidhibiti kipya huja kitupu. Bila programu ya mashine husika ni kama daftari lisiloandikwa, na aliyeiandika programu hiyo huenda yuko China au India na hapokei tena simu. Nakala ya programu, pamoja na mipangilio yote ya inveta, ihifadhiwe mahali pawili tofauti siku mashine inapofungwa.

Jihadhari na vipuri bandia

Uhaba ukitanda, wadanganyifu nao huamka. Chipu kuukuu hung'olewa kwenye taka za kielektroniki, husuguliwa juu, huandikwa jina na tarehe mpya na kuuzwa kama mpya. Hata majeshi yamenaswa: ripoti ya Kamati ya Huduma za Kijeshi ya Seneti ya Marekani ya mwaka 2012 ilibaini takriban matukio 1,800 ya vipuri vinavyoshukiwa kuwa bandia katika mifumo ya ulinzi ya nchi hiyo.

Mnunuzi wa Kizota hana maabara, lakini ana macho na akili. Bei iliyo chini mno wakati wenzake wote wanalia uhaba ni dalili ya kwanza. Maandishi yanayofutika kwa kitambaa chenye spiriti, miguu ya chipu yenye alama za risasi ya zamani, na tarehe zinazotofautiana katika pakiti moja ni dalili nyingine. Muuzaji asiyekubali kutoa risiti wala dhamana ya kurudishiwa fedha aachwe aende zake. Kifaa kikinunuliwa, kifungwe na kujaribiwa wiki hiyohiyo, si kuwekwa kabatini hadi siku ya shida ndipo igundulike kwamba kilikuwa kifu tangu mwanzo.

Mafundi nao ni akiba

Kuna akiba moja isiyokaa kabatini, nayo ni ujuzi. Bodi nyingi zinazotupwa kama zimekufa huwa zimeharibika sehemu moja tu: kapasita iliyovimba, rilei iliyoungua, dayodi iliyopitisha umeme pande zote. Fundi mwenye kipimo, mchoro na mkono mtulivu anaweza kuifufua kwa kipuri kilichotolewa katika bodi nyingine iliyokwisha tupwa. Bodi mbovu zisiuzwe kwa kilo. Ziwekwe alama na kuhifadhiwa.

Vijana wa ufundi huo wanaandaliwa hapahapa. Dodoma ina VETA, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki inayofundisha masomo ya kompyuta na mawasiliano. Viwanda vikiwapokea wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo na kuwakabidhi bodi halisi zilizokufa, pande zote mbili zitanufaika.

Majirani nao wameanza safari. Nchini Kenya, kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilizinduliwa Oktoba 2023, na huko Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inayojishughulisha na utengenezaji wa chipu. Ni hatua za kutia moyo, ingawa kuunganisha simu hakuondoi utegemezi wa vipuri. Anayeunganisha ndiye wa kwanza kusimama chipu zikikosekana.

Tanzania haitatengeneza chipu za inveta kesho, na mwenye kinu cha Kizota hana sauti juu ya radi ya Albuquerque, ukame wa Taiwan wala ugomvi wa Uholanzi na China. Lakini ana uwezo wa kujua kilichomo ndani ya mashine yake, kuuliza muda wa kusubiri kabla ya kuhitaji, kuelewana na jirani, na kufunga waya wa ardhini kabla ya mvua za Desemba. Kazi ya kuandika daftari huchukua siku moja au mbili. Wahenga walisema akiba haiozi, na kwa mwenye kiwanda wakati mzuri wa kuiweka ni sasa, kabla alizeti haijaanza kufika mlangoni.